Mtembezi Hula Miguu Yake: Safari ya Mawe na Visiwa vya Ugiriki

Wazee wetu walisema kuwa mtembezi hula miguu yake. Methali hii niliisikia tangu utotoni, nikaja kuwafundisha wanafunzi wangu kwa muda wa miaka 31, wala sikupata kuifahamu hasa mpaka nilipofika Ugiriki, ambako nilikula si miguu yangu tu, bali na ya mke wangu pia. Kisa hiki, msomaji mpenzi, si cha kujivunia. Nakiandika kwa sababu mbili: kwanza, mna vichekesho ndani yake, na kicheko kisichomdhuru mtu ni dawa ya nyumba; pili, mna kosa nililolitenda kwa mikono yangu mwenyewe, na kosa la mtu mmoja likisimuliwa kwa ukweli laweza kuwa akiba ya watu wengi.

Mimi nalikuwa mwalimu wa historia hapa Mombasa. Miaka yote hiyo nilisimama ubaoni nikilichora kwa chaki hekalu la Parthenon, nikazihesabu nguzo zake mbele ya watoto waliokuwa wakiitazama saa ya ukutani, ilhali mimi mwenyewe sijapata kuliona ila katika picha moja iliyofifia ndani ya kitabu. Nilipostaafu, binti yetu ambaye ni muuguzi huko Ujerumani alitununulia safari ya siku kumi, mimi na mama yake, ya mwezi wa Septemba mwaka 2025. Kisha akanipigia simu akaniusia: “Baba, Mama ana sukari, na magoti yake wayajua. Asikae na njaa, asikae na kiu. Ule mfuko wa tende na maji usiwe mbali naye.” Nami nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuizunguka dunia nzima kwa kidole juu ya ramani: “Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Safari naijua.”

Ahali yangu ni mzaliwa wa Lamu, mtu wa maneno machache, na kila neno lake lina ncha. Kabla ya kuondoka nilimwonyesha ratiba niliyoiandaa kwa mwezi mzima. Ndani yake kila siku imegawanywa kwa robo saa: makumbusho, magofu, sala zetu za safari kwa kukusanya na kupunguza, kisha magofu tena. Akaisoma toka juu hata chini, akaipindua kutazama nyuma, halafu akaniuliza kwa upole: “Mwalimu, na kukaa kitako ni saa ngapi?” Nikacheka. Lau ningelijua, nisingalicheka.

Jabali la Athens na filimbi ya mlinzi

Akropoli ni jabali lililosimama katikati ya mji wa Athens, na juu yake ndipo lilipo hekalu la Parthenon, ambalo lilianza kujengwa mwaka 447 kabla ya Nabii Isa na likawekwa wakfu mwaka 438. Nguzo zake za nje ni 46, na kila moja ina kimo cha zaidi ya mita 10. Kiingilio chake, tangu Aprili mwaka 2025, ni yuro 30 kwa kila mtu. Mke wangu alipoisikia bei hiyo aliuliza kama humo ndani tutapewa chakula. Nikamweleza kuwa hakuna ndani. Hekalu lile liligeuzwa kanisa, kisha Waturuki walipoutwaa mji katika karne ya kumi na tano likageuzwa msikiti, na mwaka 1687, Waveneti walipouzingira mji, kombora lao liliangukia baruti iliyokuwa imewekwa humo, jengo likapasuka na paa lote likaruka.

“Kumbe twalipia mbingu,” akasema, “na mbingu nimeiacha Mombasa bure.”

Njia ya kupandia ni ya marumaru, nayo imesuguliwa kwa nyayo za mamilioni ya watu hata ikawa laini kama kipande cha sabuni. Mimi nilitangulia kitabu mkononi, yeye akafuata mkono mmoja ukilishika goti na mwingine ukiushika ukuta. Tulipofika juu akatafuta pa kupumzikia, akaona kipande cha nguzo kimelala chini, akakaa. Hajatua vizuri, filimbi ikalia! Mlinzi akampungia mkono ainuke, kwani mawe yale hayaguswi. Akahamia jiwe la pili, filimbi. La tatu; filimbi. Akanigeukia na kusema: “Mlima mzima ni mawe, na hapana hata moja la kukalia? Haya yamepumzika miaka elfu mbili, na mimi nakatazwa dakika mbili!”

Ili kumtuliza nikamsomea habari ambayo watalii wengi hawaitambui. Katika jengo lile lote ni vigumu kuupata mstari ulionyooka kweli. Sakafu imeinuka kidogo katikati, nguzo zimenenepa kidogo tumboni, nazo zote zimeinama ndani kiasi kidogo sana. Na mafundi walifanya hivyo kwa makusudi, ili jicho la mwanadamu lilione jengo limenyooka. Mke wangu akazitazama nguzo kwa muda mrefu, akasema: “Basi hata nguzo hulazimika kuinama kidogo ili nyumba ionekane imenyooka.” Nikaona ni neno zuri, nikaliandika katika daftari langu. Kuliandika nililiandika, kulitia maanani ndiko kulikonishinda.

Wakati wa kushuka tuliona kijumba kikipanda ubavuni mwa jabali, na ndani yake mzee mwenye mkongojo ametulia kama sultani. Ilikuwa ni lifti, iliyozinduliwa Desemba mwaka 2020 kwa ajili ya watu wasioweza kupanda kwa miguu. Mke wangu akaniuliza kama nilikuwa na habari nayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeisoma kitabuni, nikauruka ukurasa ule kwa kuwa haikuwa kitu cha kale.

Chini ya jabali, katika mtaa wa Monastiraki, ungali umesimama msikiti uliojengwa na gavana wa Kituruki mwaka 1759, ambao siku hizi ni jumba la makumbusho. Inasimuliwa kuwa gavana yule, alipohitaji chokaa ya kujengea, aliivunja nguzo moja ya kale akaichoma, na wakubwa wake wakamwadhibu kwa kosa hilo. Kwa hiyo, msomaji, filimbi ya mlinzi si jambo jipya katika mji ule. Tulitaka kuswali, lakini katika msikiti ule haiswaliwi tena. Siku ya Ijumaa tukaenda mtaa wa Votanikos, uliko msikiti rasmi uliofunguliwa Novemba mwaka 2020. Mpaka hapo mji mkuu ule haukuwa na msikiti rasmi wowote tangu Waturuki walipoondoka katika karne ya kumi na tisa. Msikiti huo hauna mnara wala nakshi. Lakini mna zulia, na mke wangu akaniambia kuwa hapo ndipo mahali pa kwanza katika Athens alipokaa chini na hakuna aliyempigia filimbi.

Jioni hiyo tukaingia katika mkahawa. Nikamwuliza mwenye duka kwa ishara kama ana chai, naye akajibu kwa furaha: “Ne!” Nikasema, “La, si nne, twataka mbili tu,” nikamwonyesha vidole viwili. Akatikisa kichwa tena: “Ne, ne!” Nikafikiri mtu huyu ni mwenye tamaa, sasa amefika nane. Nikaanza kukasirika, naye akaanza kushangaa, mpaka kijana mmoja aliyejua Kiingereza akatufasiria kuwa katika lugha yao neno hilo maana yake ni “naam.” Chai ikaja, vikombe viwili, wala hakuna aliyetuibia. Nikakumbuka ni watoto wangapi niliowaadhibu darasani kwa jibu ambalo pengine lilikuwa sahihi, ila mimi ndiye sikulielewa.

Punda, dengu na mji ulioachwa

Kutoka Athens tulishika meli kwenda kisiwa cha Santorini. Usiku ulitukutia baharini. Mke wangu akasimama sitahani, ameushika ukingo wa meli, uso wake ameuelekeza juu. Nikamwita mara mbili aingie ndani nimsomee habari za kisiwa tunakokwenda. Mara ya pili akaingia. Sikumwuliza alikuwa akitazama nini. Lishike jambo hili, msomaji, maana tutalirejea.

Santorini ni kisiwa kilichopasuka. Zamani, kiasi cha miaka 1600 hivi kabla ya Nabii Isa, volkano yake ilifumuka kwa nguvu kubwa, katikati pakadidimia, bahari ikajaa humo, na kilichobaki ni ukingo wenye maporomoko marefu, na nyumba nyeupe zimepangwa juu yake kama meno. Ardhi yake haijatulia hata leo: mwezi wa Februari mwaka 2025 ilitikisika mara maelfu, na watu zaidi ya 11,000 wakakihama kisiwa kwa muda.

Kutoka mji wa juu hadi bandari ya zamani iliyo chini kuna ngazi karibu 600. Anayetaka hushuka kwa miguu, au kwa vijumba vinavyoning’inia katika waya, au hupanda punda. Nami nikaona kupanda punda ndiko kutakakopendeza katika picha. Nikamwambia mke wangu. Akanitazama kama anitazamavyo nikivaa kanzu chafu. “Nimezaliwa Lamu,” akasema. “Punda wamepita mlangoni pangu tangu nilipokuwa mchanga. Nimevuka bahari na jangwa, nimepanda eropleni, nije nipande punda Ulaya?”

Nikamsihi, lakini pakazuka kizuizi kingine. Mwaka 2018 serikali ya Ugiriki ilitoa amri kwamba punda wale wasibebeshwe mzigo unaozidi kilo 100, au unaozidi sehemu ya tano ya uzito wao. Mimi nilipoondoka Mombasa nilikuwa na kilo 97, lakini nilikuwa nimekaa wiki nzima katika nchi ya mkate, jibini na mafuta ya zeituni. Mke wangu akanipima kwa jicho toka kofia hata viatu, kisha akamtazama punda kwa huruma. “Mwalimu,” akasema, “ukimpanda huyu, sheria itamkamata nani?” Akaongeza kuwa lau amri hiyo ingefika Lamu, hakuna nyumba ambayo ingejengwa tena. Hata hivyo alimwendea punda yule, akamkuna nyuma ya masikio, akainama na magoti yake mabovu kuitazama miguu yake, akamwambia mwenyewe kwa Kiswahili kuwa kwato zahitaji kukatwa. Mwenye punda akajibu, “Ne.” Wakaelewana vizuri kuliko nilivyoelewana mimi na mtu yeyote katika safari ile.

Siku ya pili tulikwenda Akrotiri, mji wa kale uliofukiwa na majivu ya volkano ile, ambao mtaalamu Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967. Leo umejengewa paa kubwa juu yake, nawe hutembea kivulini ukiziangalia nyumba za ghorofa mbili na tatu, mitungi mikubwa ya nafaka na mafuta ikingali mahali pake, na mabomba ya udongo yaliyoteremsha maji machafu kutoka chooni ghorofani hadi kwenye mfereji wa njiani. Mke wangu ambaye katika Athens alikuwa kimya, hapa alizungumza. Kwake hili halikuwa gofu. Lilikuwa jiko la mtu. Alitaka kujua mwenye nyumba alisagia wapi, alilala wapi, na maji aliyachota wapi.

Kisha nikamweleza jambo linalowashangaza wataalamu: katika mji ule haikuonekana maiti hata moja, na vitu vya thamani vilivyopatikana ni vichache mno. Inaonekana matetemeko yaliwaonya watu mapema, wakachukua walivyoweza kuvichukua na wakaondoka.

“Hao walikuwa na akili,” akasema. “Waliacha mitungi, wakachukua watu.”

Neno hilo pia nililiandika katika daftari.

Usiku tukaletewa chakula mashuhuri cha kisiwa kile kiitwacho fava, ambacho mhudumu alikisifu kwa maneno mengi. Mke wangu akaonja, akaniambia kwa sauti ndogo: “Ni dengu zilizopondwa. Usimwambie, amefurahi.”

Kisiwa ambacho kufa ni marufuku

Sasa nafika Delos, mahali nilipopatamani kuliko pote. Ni kisiwa kidogo, urefu wake kiasi cha kilomita 5, nacho hufikiwa kwa mashua kutoka Mykonos kwa mwendo wa nusu saa. Wagiriki wa kale waliamini kuwa mungu wao Apollo alizaliwa hapo, wakakiheshimu kupita kiasi. Mwaka 426 kabla ya Nabii Isa, watu wa Athens walikisafisha: makaburi yote yakafukuliwa, mifupa ikahamishiwa kisiwa jirani cha Rheneia, na ikaamriwa kuwa tangu siku hiyo mtu asizaliwe Delos wala asife Delos. Mjamzito na mgonjwa mahututi wote walipelekwa ng’ambo.

Habari hii nilimsimulia mke wangu ndani ya mashua, upepo mkali ukitupiga. “Na akifa kwa ghafula?” akauliza. Nikasema ni marufuku. “Basi malaika naye hupewa taarifa?” Tukacheka sana.

Leo Delos haina wakazi ila walinzi na wachimbuzi wa mambo ya kale, na mgeni haruhusiwi kulala huko. Mashua yetu ya kurudi ilikuwa saa tisa alasiri. Kisiwa kizima ni mawe, majani makavu na mijusi isiyo na idadi. Mti wa kivuli ni wa kutafuta. Tulipita masoko ya kale karibu na bandari. Warumi waliifanya Delos bandari isiyotozwa ushuru mwaka 166 kabla ya Nabii Isa, na Strabo, mtaalamu wa zamani wa jiografia, ameandika kuwa iliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku moja. Mwongozaji wa kundi lililokuwa mbele yetu aliipitia habari hiyo kwa haraka, kama atajaye bei ya samaki, akawageuza watu wake kutazama nakshi za sakafuni. Sisi hatukuweza kugeuka upesi hivyo. Mtu wa Pwani hahitaji mkalimani wa habari hiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo si wa kale hata kidogo. Mke wangu akazitazama zile nyumba za matajiri, na viwanja vyake vya marumaru, akasema polepole: “Nyumba nzuri. Nani aliyezifagia?”

Tulipofika mtaa ulio karibu na uwanja wa michezo ya kuigiza, jua lilikuwa kali na magoti yake yakakataa. Papo hapo pana nyumba yenye sanamu mbili zisizo na vichwa, ya mwanamume na ya mwanamke. Nikamwambia akae kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nami nipande mlima wa Kynthos mara moja, nusu saa tu. Akasema: “Nenda, Mwalimu. Mawe hayakimbii, lakini naona wewe wayakimbilia.”

Kynthos si mlima mkubwa. Una mita kama 112. Lakini kutoka kileleni utaviona visiwa vimekuzunguka: Mykonos, Rheneia, Tinos, Syros, na Naxos kwa mbali. Nikatoa daftari, nikaandika majina, nikapiga picha, nikamfundisha kijana mmoja wa Kifaransa mambo ambayo hakuniuliza. Hata nilipoona kiu nikafungua mfuko niliouvaa begani, nikanywa maji. Na mkono wangu ukagusa kikopo cha tende, hakijafunguliwa tangu asubuhi.

Tende zake. Maji yake. Nilikuwa nayo mimi, juu ya mlima. Nikatazama saa: si nusu saa iliyopita, ni saa moja na nusu.

Sitaeleza jinsi nilivyoshuka. Mtu wa kilo 97 akishuka mlima mbio, wenye busara humpisha njia. Chini nikapotea. Vichochoro vya mtaa ule vyote vinafanana, kila ukuta ni wa mawe yale yale, nami niliyejidai kuijua ramani ya Delos kwa moyo nikawa nikizunguka kama kipofu, nikiita jina la mke wangu, nikijibiwa na upepo. Honi ya mashua ikalia bandarini. Wakati huo, msomaji, sikujali Apollo alizaliwa wapi.

Nilimkuta pale pale nilipomwacha. Uso wake ulikuwa umesawijika, jasho jembamba likimtoka, mikono ikitetemeka. Walikuwapo watalii wawili wazee, mtu na mkewe, wa lugha nisiyoijua. Mume ameishika kofia yake kumkinga jua, na mke anamnywesha sharubati ya machungwa kutoka kikopo kidogo. Nikapiga magoti, nikafungua tende, na vidole vyangu havikuweza kuzitoa. Yule bibi mgeni akazitoa yeye. Tukakaa hivyo kama robo saa. Rangi yake ikaanza kurejea. Akafungua macho vizuri, akanitazama, akaona hali niliyo nayo.

“Usiogope, Mwalimu,” akasema. “Si ulisema hapa kufa ni marufuku? Nimeitii serikali.”

Wale wazee hawakujua alichosema, ila walicheka waliponiona nikicheka, kisha wakageuza nyuso zao waliponiona nikilia.

Alipopata nguvu akaniuliza zile sanamu mbili ni za nani. Nikamweleza kuwa ni mtu na mkewe, Dioskourides na Cleopatra, si yule malkia wa Misri, bali ni mwenye nyumba tu, mtu wa Athens. Maandishi yaliyopo yaeleza kuwa mke ndiye aliyemwekea mumewe sanamu, kumkumbuka kwa vyombo viwili vya fedha vya miguu mitatu alivyovitoa katika hekalu, yapata mwaka 138 kabla ya Nabii Isa. Baadaye kisiwa kiliporwa mwaka 88, kikaporwa tena na maharamia mwaka 69, matajiri na vyombo vyao wakaisha. Akazitazama, akajitanda vizuri mtandio wake, akasema: “Vichwa vimepotea, lakini bado wamesimama pamoja. Nipe mkono.”

Tulifika bandarini nahodha amekwisha shika kamba.

Ratiba mpya

Siku mbili zilizobaki tulikaa Mykonos, na nikisema tulikaa, maana yangu ni kukaa kitako. Ratiba yangu nilimkabidhi mke wangu, akaitumia kujipepea. Vilikuwapo vinu vya upepo na makumbusho na mambo mengi ya kuona. Tuliwatazama paka na wavuvi.

Usiku wa mwisho tulikuwa ufukweni. Nikamwuliza, kwa kuchelewa mno, usiku ule katika meli alikuwa akitazama nini. Akanyoosha kidole mashariki, ambako kifungu cha nyota ndogo kilikuwa kinachomoza juu ya bahari. “Kilimia,” akasema. Kisha akaniambia jambo ambalo katika ndoa ya miaka 40 sikulijua: babu yake alikuwa nahodha wa jahazi, naye alipokuwa msichana mdogo alimfundisha nyota zote za kusafiria, ipi huchomoza lini na ipi huonyesha upande gani. Alitaka sana kusoma zaidi, lakini zama zile msichana hakupelekwa mbali. Hizo hizo Kilimia, Wagiriki wa kale huziita Pleiades, nao pia walikuwa wakizitazama kabla ya kutweka matanga. Mimi nilifundisha habari za mabaharia kwa miaka 31, na bibi aliyejua njia yao ya mbinguni alikuwa jikoni kwangu, wala sikupata kumwuliza.

Nikatoa daftari. Safari hii sikuandika kutoka kitabuni. Yeye alitaja, mimi nikaandika, naye akanisahihisha mara nne, yaani nne ya Kiswahili.

Tuliporudi Mombasa binti yetu akataka kuona picha. Nilikuwa nazo 1,100. Nguzo zimo, simba wa Delos wamo, mitungi imo. Mama yake yumo katika sita, na katika tatu miongoni mwa hizo amegeuka nyuma. Binti yetu hakusema neno. Akanitazama tu kwa lile jicho la Lamu, nami nikafahamu kuwa halikuishia kwa mama yake.

Basi ndugu msomaji, dini yetu imetuhimiza kutembea na kuzitazama athari za waliotutangulia, ili tuzingatie jinsi walivyokuwa na nguvu na jinsi walivyopita. Ni jambo jema, nami namshauri kila mwenye uwezo alifanye, na ahali yake. Ila ashike haya manne: aulize lifti iko wapi kabla ya kuuliza hekalu liko wapi, amwekee mwenziwe saa ya kukaa kitako, amwulize atazamacho, kabla ya kumwonyesha akionacho yeye, na mfuko wa tende uwe begani mwa mwenye kuuhitaji. Mawe yale yamengoja miaka elfu mbili na zaidi, na yatangoja. Aliye pembeni yako hakuumbwa kwa marumaru.

Mwaka huu, Mwenyezi Mungu akitujaalia, twaenda Lamu. Yeye ndiye aliyeiandika ratiba.

Wabillahi tawfiq.